Bomba la mkato wa nne: uchambuzi wa moto wa Richmond, 2012

Alasiri ya tarehe 6 Agosti 2012, saa kumi ikikaribia, mfanyakazi wa zamu katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Chevron mjini Richmond, California, aliona mafuta yakidondoka kutoka kwenye bomba la inchi 8 katika kinu namba 4 cha mafuta ghafi. Tundu lenyewe hakuliona, kwa sababu bomba lilikuwa limevikwa koti la kuhami joto. Zimamoto wa kiwanda wakaitwa, wasimamizi na wakaguzi wakakusanyika, jukwaa la mabomba ya chuma likasimamishwa ili watu wapande waangalie. Kinu hakikuzimwa. Saa kumi na mbili na nusu jioni bomba lilipasuka. Wingu jeupe liliwafunika wafanyakazi 19, baadhi yao wakatambaa chini wakipapasa njia kwa kuwa hawakuona kitu, na dakika kama mbili baadaye wingu likashika moto. Kumi na wanane walikuwa wamekwisha kutoka. Wa kumi na tisa, askari wa zimamoto aliyekuwa ndani ya gari lake, alijikuta katikati ya mpira wa moto akapenya na kutoka hai kwa sababu alikuwa amevaa mavazi kamili ya kazi.

Hakuna aliyekufa. Sita walipata majeraha madogo. Lakini moshi ulielekea mjini, na katika wiki zilizofuata watu wapatao 15,000 wa maeneo ya jirani walikwenda kutafuta matibabu, wengi wakilalamikia pumzi, kifua na macho. Uchunguzi mkuu ulifanywa na Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani, na mambo mengi ninayoyataja hapa yalitokana na kazi yao.

Kisa hiki huelezwa sana kama kisa cha usimamizi mbovu, na kweli usimamizi una lawama yake. Mimi nakiona kwanza kama kisa cha kemia. Aina ya kutu iliyolila bomba lile ilikuwa na tabia maalumu, na kwa tabia hiyo, tone lile la alasiri lilikuwa na maana moja tu. Waliosimama chini yake walilipa maana nyingine.

Kilichokuwa ndani ya bomba

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa maelfu ya haidrokaboni, yaani molekuli zilizojengwa kwa atomi za kaboni na hidrojeni. Kaboni hushikana yenyewe kwa yenyewe, ikafanya minyororo mifupi na mirefu, minyororo yenye matawi, na hata pete. Mvuto kati ya molekuli moja na nyingine ni dhaifu, lakini huongezeka kadiri molekuli inavyorefuka, ndiyo maana kiwango cha kuchemka hupanda hatua kwa hatua. Methani, yenye kaboni moja, huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri za Selsiasi. Pentani yenye tano huchemka kwenye 36, dekani yenye kumi kwenye 174, na heksadekani yenye kumi na sita kwenye 287.

Tofauti hiyo ndiyo inayotumika kuyatenganisha. Mafuta ghafi huoshwa kwanza ili kuondoa chumvi na maji, kisha hupitishwa kwenye tanuri hadi yafikie nyuzi 350 au zaidi kidogo, ndipo huingizwa chini ya mnara wa ukenekaji. Sehemu kubwa hugeuka mvuke na kupanda. Mnara una trei moja juu ya nyingine, na kila trei iliyo juu ni ya baridi kuliko iliyo chini yake, kwa hiyo kila kundi la molekuli hupanda mpaka lifike mahali ambapo haliwezi tena kubaki mvuke. Hapo hurudi kuwa kimiminika na huchotwa kwa bomba la pembeni. Gesi na nafta, ambayo baadaye huwa petroli, hutokea kileleni. Mafuta ya taa huchotwa chini yake, halafu mafuta ya jamii ya dizeli, kisha mazito zaidi. Yasiyochemka kabisa hubaki sakafuni na kupelekwa kwenye mnara mwingine wenye kanieneo ndogo, ambako huchemka bila kulazimika kupashwa joto la kuzivunja molekuli zake.

Bomba lililopasuka lilikuwa mojawapo ya mabomba hayo ya pembeni. Pale kiwandani liliitwa mkato wa nne, na lilibeba mafuta mepesi ya jamii ya dizeli yakiwa na nyuzi 338, kwa kanieneo ya kama angahewa nne juu ya ile ya kawaida. Mtiririko ulikuwa karibu mapipa 10,800 kwa siku. Ukiugawa, ni kama lita 20 kila sekunde.

Takwimu hizo zinaeleza jinsi wingu lile lilivyotokea. Ndani ya bomba, kanieneo iliyazuia mafuta yasichemke ingawa yalikuwa moto kupita kiwango cha kuchemka cha sehemu kubwa ya molekuli zake. Bomba likipasuka, kizuizi hicho hutoweka papo hapo. Sehemu ya mafuta hugeuka mvuke, nyingine hurushwa kama matone madogo sana, na mvuke ukikutana na hewa ya jioni hurudi kuwa ukungu. Weupe walioukimbia wale 19 ulikuwa ukungu wa dizeli.

Watu wengi huamini kwamba petroli ndiyo ya kuogopwa na dizeli ni mpole. Mezani, katika joto la kawaida, ni kweli, kwa sababu dizeli haitoi mvuke wa kutosha kushika moto kwa kiberiti. Ikishapashwa joto mambo hugeuka. Minyororo mirefu iliyonyooka hujiwasha yenyewe hewani kwa joto dogo kuliko mifupi: heksadekani hufanya hivyo kwenye nyuzi 200 na kitu, wakati methani huhitaji zaidi ya 500. Injini ya dizeli hufanya kazi bila plagi ya cheche kwa sababu hiyohiyo. Mafuta ya nyuzi 338 hayana haja ya kusubiri cheche. Yanasubiri hewa, na mchanganyiko unaofaa.

Kilichokuwa kinalila bomba

Mafuta ghafi hayaji na haidrokaboni peke yake. Yana salfa pia, nyingine kama gesi ya haidrojeni salfaidi, nyingine imefungwa ndani ya molekuli zenyewe: merkaptani, salfaidi, thiofeni. Mafuta yenye salfa nyingi huuzwa bei nafuu, na viwanda vyenye mitambo ya kuiondoa huyapenda kwa sababu hiyo. Mitambo hiyo hutumia hidrojeni na kichocheo kuing'oa salfa, lakini imekaa mbele, baada ya mnara wa ukenekaji. Mnara wenyewe, tanuri lake na mabomba yake ya pembeni hupokea salfa yote kama ilivyotoka ardhini.

Kuanzia nyuzi 230 hivi hadi zaidi ya 400, salfa hiyo hushambulia chuma. Chuma na haidrojeni salfaidi hufanya salfaidi ya chuma, na hidrojeni ikatoka. Si kutu ile ya maji na oksijeni tunayoiona kwenye mabati. Hii haihitaji tone la maji, na inafanyika ndani ya bomba kavu lililojaa mafuta. Mabomba ya kileleni hayajali sana kwa kuwa joto lao ni dogo. Yale ya chini kabisa kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma chenye kromi, kwa sababu kila mtu anajua kwamba huko ni jehanamu. Mkato wa nne ulikuwa katikati: moto wa kutosha kuliwa, na bado bomba lake lilikuwa chuma cha kaboni cha kawaida, lililofungwa kinu kilipojengwa mwaka 1976.

Chuma cha kaboni nacho si kimoja. Kinaweza kuwa na silikoni kidogo ndani yake, na silikoni hiyo hulisaidia tabaka la salfaidi lililojengeka juu ya chuma kukinga kilicho chini yake. Ikiwa chini ya asilimia 0.10, chuma kinaweza kuliwa hadi mara 16 haraka kuliko kile chenye silikoni ya kutosha. Kiwango cha viwandani kilichotawala aina hii ya bomba wakati ule hakikuweka kima cha chini cha silikoni. Mwuzaji wa mabomba angeweza kuleta kipande chenye asilimia 0.2 na kingine chenye 0.01, vyote vikiwa na cheti sahihi, na fundi akaviunganisha kwenye mstari mmoja bila njia ya kuvitofautisha kwa macho.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Vipande vya mkato wa nne vilivyopimwa baada ya moto vilikuwa na silikoni kuanzia asilimia 0.01 hadi 0.2. Kipande kilichopasuka kilikuwa kirefu kwa inchi 52, kama mita moja na sentimita 32, na silikoni yake ilikuwa 0.01. Ukuta wake karibu na mpasuko ulikuwa umepoteza asilimia 90 ya unene. Vipande vyenye silikoni ya kutosha, vilivyopitiwa na mafuta yaleyale kwa miaka ileile 36, vilikuwa vimeliwa kidogo sana kuliko hicho.

Vipimo vilivyokuwepo

Bomba hili lilikuwa likipimwa. Wakaguzi hupima unene wa ukuta kutoka nje kwa mawimbi ya sauti, katika vituo vilivyochaguliwa, na kurudi palepale miaka inayofuata ili kujua kasi ya kuliwa. Vituo vingi viliwekwa kwenye viwiko na viungio. Mantiki yake haina kasoro kwa aina nyingi za ulikaji, maana kwenye kona mtiririko hugeuka na kuvurugika, na mara nyingi hapo ndipo chuma huisha kwanza. Kwenye ulikaji wa salfa katika chuma cha aina mbalimbali, mantiki hiyo inakuelekeza pabaya. Viwiko vilivyopimwa vilikuwa na silikoni ya kutosha. Kipande kilichonyooka, kisicho na kona wala msukosuko, ndicho kilichokuwa kikiisha. Kila kipimo kilichorudi kilisema ukweli kuhusu mahali kilipochukuliwa, na hakikusema lolote kuhusu mita moja ya jirani.

Lakini mwaka 2002 mtu mmoja alipima nje ya vituo hivyo, na kipimo kikaonyesha kwamba bomba lilikuwa limepoteza theluthi moja ya unene katika miaka 26. Tuchukue takwimu hiyo tufanye hesabu ambayo mhandisi yeyote angeifanya. Theluthi kwa miaka 26 ni kama asilimia 1.3 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, kufikia 2012 hasara ingekuwa asilimia 46 hivi, na bomba lingebaki na zaidi ya nusu ya ukuta wake. Kilichokutwa ni asilimia 90. Hata tukikubali kwamba vipimo viwili havikuchukuliwa kwenye milimita ileile, pengo ni kubwa mno. Katika miaka kumi ya mwisho bomba lilipoteza zaidi ya lilivyopoteza katika ishirini na sita ya kwanza.

Sababu mojawapo iko kwenye mafuta. Kati ya 1984 na 2012 salfa iliyokuwa ikipita kwenye mkato wa nne iliongezeka karibu maradufu, kiwanda kilipobadilisha aina za mafuta ghafi kilichonunua. Mabadiliko hayo yalikuwa ndani ya mipaka ambayo kiwanda kilijiwekea, na kwa maana hiyo hakuna kanuni iliyovunjwa. Ila hesabu ya kunyoosha mstari, ile ya kuchukua kasi ya zamani na kuipeleka mbele, inategemea kwamba kesho itafanana na jana. Hapa tone moja la mafuta ya 2010 halikuwa sawa na tone la 1980. Ndiyo maana siipendi kauli ya kwamba "bomba lilikuwa na umri wa miaka 36". Umri wake wa kikemia ulikuwa mkubwa zaidi, na hakuna aliyekuwa akiuhesabu.

Kipimo cha 2002 hakikuingizwa miongoni mwa vituo vya kudumu, na pendekezo la kubadilisha bomba halikutekelezwa. Januari 2007 moto mwingine ulizuka kwenye kinu hichohicho kwa sababu ya ulikaji wa salfa. Mwaka 2009 wataalamu wa kampuni yenyewe, kwenye kitengo chake cha teknolojia, walitoa mwongozo uliosema wazi kwamba mabomba ya chuma cha kaboni yanayopitisha salfa ya moto yakaguliwe kipande kwa kipande, si kwa vituo vya sampuli, kwa sababu ya tatizo hilihili la silikoni. Kinu kilipozimwa kwa matengenezo makubwa mwaka 2011, ukaguzi huo haukufanywa kwenye bomba hili, wala halikubadilishwa. Maarifa yote yaliyohitajika yalikuwa ndani ya kampuni miaka mitatu kabla ya moto, yameandikwa na kusambazwa.

Muda wa saa mbili na nusu

Turudi kwenye tone. Zipo aina za ulikaji zinazochimba tundu dogo kama la sindano huku ukuta wa pembeni ukibaki mnene. Bomba la namna hiyo likivuja, unaweza kulifunga bana la chuma juu yake na kuendelea na kazi hadi matengenezo yajayo. Viwanda hufanya hivyo mara nyingi, na mara nyingi hakuna baya linalotokea. Watu waliokusanyika chini ya mkato wa nne walikuwa na picha hiyo kichwani. Mjadala ulihusu jinsi ya kulifikia tundu, kulitazama na kulibana.

Ulikaji wa salfa haufanyi kazi hivyo. Hupunguza ukuta kwa usawa juu ya eneo kubwa, kwa sababu salfa imeenea katika mafuta yote na joto ni lilelile pande zote. Ukuta ukishakuwa mwembamba kiasi cha kutoboka mahali pamoja, basi sentimita nyingi zinazozunguka tundu zimekaribia kutoboka pia. Hakuna ukuta mnene wa kushikilia bana. Bomba la aina hii likivuja linakuwa tayari limekwisha, na kilichobaki ni kujua litafunguka saa ngapi.

Kuna jambo jingine lililopaswa kumaliza mjadala. Kati ya mnara na mahali palipovuja hapakuwa na vali ya kufunga. Uvujaji haukuweza kutengwa na kinu. Njia pekee ya kuusimamisha ilikuwa kuzima kinu chote. Waliokuwepo walipunguza mtiririko wa mafuta ghafi, hatua ambayo haikugusa kiini, kwa kuwa joto na kanieneo vilikuwa bado pale na ukuta ulikuwa bado mwembamba.

Halafu wakaanza kuondoa koti la kuhami joto ili waone tundu. Hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika: koti lililokuwa limelowa mafuta ya moto lilikutana na hewa likawaka kwa muda, zimamoto wakapuliza maji, na uvujaji ukaongezeka mbele ya macho yao. Ni wakati huo tu uamuzi wa kuzima ulipofikiwa, na bomba halikuwapa nafasi.

Siwalaumu zimamoto. Walifanya walichoombwa, wakiwa karibu kuliko mtu yeyote alivyopaswa kuwa. Kampuni ilikuwa na kanuni inayompa kila mfanyakazi mamlaka ya kusimamisha kazi akiona hatari, na baadhi ya watu siku ile walikuwa na wasiwasi. Kanuni ya namna hiyo haina nguvu kama anayetaka kusimamisha hana hoja ya kusimamia. Kuzima kinu cha mafuta ghafi ni kuzima mlango wa kiwanda kizima, maana kila mtambo ulio mbele hula kinachotoka pale. Mbele ya gharama hiyo, mtu akisema "naogopa" atajibiwa kwa upole asubiri. Akisema "bomba hili limeliwa na salfa, salfa hula kwa usawa, kwa hiyo hakuna cha kubana", amewaachia wakubwa kazi ya kumpinga kwa hoja. Sentensi hiyo ingetosha, na mtu wa kuisema alipatikana ndani ya kampuni.

Yaliyofuata

Moto ulidhibitiwa usiku wa siku hiyohiyo, na wakazi walioambiwa wajifungie ndani wakaruhusiwa kutoka baada ya muda wa saa tano hivi. Kinu kilirudi kazini mwaka 2013. Mwaka huohuo kampuni ilikubali kulipa dola milioni 2 katika kesi ya jinai kwa mashtaka sita ya makosa madogo. California ilibadilisha kanuni zake za usalama wa viwanda vya mafuta mwaka 2017, na kati ya madai mapya ni kwamba kiwanda kichunguze namna kila kifaa kinavyoweza kuharibika, badala ya kutegemea historia ya vipimo peke yake.

Suluhisho la kiufundi lilikuwa linajulikana tangu zamani: kuondoa chuma cha kaboni na kuweka chuma chenye asilimia 9 ya kromi, ambacho hakitegemei bahati ya silikoni. Kwa viwanda ambavyo havijabadilisha, kazi ni ya jasho. Silikoni ni elementi nyepesi, eksirei inazotoa ni dhaifu, na vifaa vya mkononi vinavyosoma eksirei hizo, ambavyo hutambua kromi kwa sekunde chache, hupata taabu kutofautisha asilimia 0.01 na 0.10 kwenye bomba lililofungwa. Inabidi kukwangua chembe za chuma na kuzipeleka maabara, au kupima unene wa kila kipande kati ya kila mshono na mshono, koti likiwa limevuliwa na kinu kikiwa kimezimwa. Mabomba ya chuma cha kaboni yaliyonunuliwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980, watengenezaji walipoanza kwa kawaida kukidhi pia kiwango kingine cha viwandani, kinachodai kima cha chini cha silikoni, yote ni ya kushukiwa mpaka kipimo kioneshe vingine.